Nilivyopita Short Creek, mji wa Warren Jeffs

Tulitoka Las Vegas asubuhi, mi na jamaa yangu mmoja wa Mombasa, safari ilikuwa ya hifadhi ya Zion, ila tulipofika mji wa Hurricane, Utah, nikamwambia hebu tushike hii barabara ya 59 tukaone mji wa wale Mamormoni (dhehebu la Kimarekani) wa wake wengi, ambao kiongozi wao alikuwa Warren Jeffs. Kiukweli ni miji miwili, Hildale iko Utah na Colorado City iko Arizona, zamani yote ikiitwa Short Creek. Mpaka wa majimbo unapita katikati, na kwa vile ilikuwa kiangazi simu ikawa inaruka saa nzima mbele na nyuma kila tukivuka mtaa, hadi jamaa akaizima.

Nyuma ya mji ni miamba myekundu mirefu. Majumba ni makubwa ajabu, ukuta juu, halafu mengi hayajamaliziwa, mbao za nje ziko wazi hazijapigwa hata rangi, wanasema nyumba ambayo haijaisha kodi yake ndogo.

Mitala yenyewe haikunishtua, babu yangu alikuwa na wake watatu na wakigombana basi ni mkaa tu. Kanisa kubwa la Mormoni liliacha mitala 1890, hawa wa FLDS, kundi lililojitenga nalo, ndo waliogoma. Mwaka 1953 polisi wa Arizona wakawavamia wakabeba watoto, picha zikatoka kwenye magazeti, wananchi wakamgeuka gavana, serikali ikanywea miaka mingi.

Kilichonishtua ni ardhi. Tangu 1942 viwanja na nyumba vilikuwa chini ya trasti moja, yaani mfuko wa kanisa wa kushika mali, ukijenga kwa jasho lako nyumba si yako, kiongozi akikuchukia unatoka. Jeffs alirithi uongozi wa FLDS 2002 baba yake alipofariki, akawa anafukuza wanaume na wake zao na watoto anawapa wanaume wengine!! Unabisha vipi wakati paa la kulalia ni lake na polisi wa mji nao ni waumini wake? Trasti mahakama iliichukua 2005, na 2016 jopo la raia wanaoamua kesi (jury) mahakamani Phoenix likasema miji yote miwili iliwabagua wasio waumini, hadi kwenye kuunganishiwa maji.

Jeffs mwenyewe alikamatwa 2006 karibu na Las Vegas ndani ya Cadillac nyekundu, na waumini alikuwa amewakataza rangi nyekundu, we acha tu. 2011 Texas wakampa kifungo cha maisha na miaka 20 juu, kwa kubaka mabinti wawili, mmoja wa miaka 12.

Nyumba ambayo waumini wake walimjengea sasa hivi ni hoteli. Tukazunguka ukuta wake, kwenye bomba la moshi matofali yamepangwa yakasomeka Sali na Utii, kwa Kiingereza. Jamaa akauliza bei ya chumba, mi nikamwambia hapa silali hata bure, tukaenda upande wa Arizona kuna kiwanda kidogo cha bia, tukala baga. Mezani jirani walikaa kina mama wawili na nywele zao za kusuka juu, wanacheka na glasi mkononi, jamaa akaagiza ya pili, nikachukua funguo za gari.