Siku moja maishani mwangu: "Yule wa printa"

Ofisini nina cheo kizuri tu kwenye mkataba, lakini jina langu ni "yule wa printa". Natunza seva na kompyuta za kampuni ya uwakala wa forodha, Barabara ya Sokoine. Watu wa nje wanadhani kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiyoyozi na kuzima na kuwasha vitu. Someni jana ilivyokwenda.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kituoni Kimara. Mwendokasi yanapita yamejaa, hadi nikasukumwa ndani ya moja na umati wa nyuma yangu. Kushuka Kivukoni, chai na chapati kwa mama lishe, ofisini.

Saa moja na nusu: kukagua nakala rudufu za usiku, kumfungulia akaunti karani mpya, kumtafutia mtu kipanya. Hayo hayana simulizi.

Saa tatu kasoro robo simu ikalia. Uhasibu hawachapishi. Kabla sijakata, mapokezi nao. Halafu ghorofa ya juu yote.

Sisi programu za kazi haziko kwenye kompyuta ya mtu mmoja mmoja. Wote wanaingia kwenye seva moja, na printa zote zimesajiliwa humo. Ndani ya seva kuna huduma moja inayopokea kila hati na kuipanga foleni, tunaiita spula. Kila printa ina draiva yake, programu inayoigeuza hati kuwa maagizo ambayo printa hiyo inayaelewa, na draiva nyingine hukaa ndani ya spula yenyewe. Moja ya namna hiyo ikianguka, inaanguka na spula, na ofisi nzima inakosa kuchapisha hata kwenye printa isiyo na kosa.

Jana spula ilikuwa inakufa. Naiwasha, inakaa kidogo, chini.

Mzee wa forodha akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, si uzime uwashe tu? Nina lori linasubiri karatasi, na kontena bandarini linalala kwa hela."

Mzee ana haki ya kuhangaika, gharama za kuhifadhi kontena hazina huruma. Ila kuzima na kuwasha hakusaidii hapo. Hati iliyokwama imeandikwa kwenye diski, kwenye folda ya spula, kwa hiyo seva ikiamka inaikuta palepale, inaichukua, inaanguka nayo tena. Nikasimamisha spula, nikafuta yote yaliyokuwa ndani ya folda ile, nikaiwasha. Ikakaa. Nikapigiwa makofi. Chai yangu haijapoa, ikaanguka tena.

Rekodi za seva zilitaja draiva ambayo sikuwahi kuiona. Kuuliza-uliza, kumbe juzi jioni, mimi nimeshaondoka, bosi aliletewa printa mpya kutoka Kariakoo, na fundi wa dukani akaifunga. Tangu Agosti 2021, baada ya udhaifu wa kiusalama wa spula uliojulikana kama PrintNightmare, Windows humtaka msimamizi ndipo draiva ya printa isakinishwe. Fundi angekwama hapo. Bosi akampa nywila yangu ya usimamizi, kwenye kikaratasi, na fundi akapakia draiva ya kwenye sidii iliyokuja na boksi.

Basi niifute. Seva inanijibu: draiva inatumika. Spula ikiwa hai imeishikilia. Spula ikizimwa, dirisha la kufutia halifunguki. Dawa ni kuiwasha upya na kuwahi kufuta kabla hati yoyote haijaingia. Nikatangaza ghorofa zote: jamani, dakika tano msitume kitu. Nimefika kwenye kitufe cha kufuta, inatumika.

"Ni mimi kaka," dada wa uhasibu akasema. "Nilikuwa naangalia tu kama imepona."

Nikarudia tangazo. Safari hii akawa mzee. Halafu mapokezi. Saa zikaenda, mchana umepita sijui saa ngapi, wali wangu umeganda ndani ya kontena la plastiki, na dereva wa lori ameshapanda ngazi kuja kunitazama kwa macho yake. Mwisho nikawaambia wahifadhi kazi zao, nikawatoa wote kwenye seva, nikafunga mlango wa kuingia. Kelele zilizotoka ghorofa ya juu sitaziandika hapa. Draiva ikafutika mara moja.

Nikapakua draiva nyingine, ya PCL 6 (lugha mojawapo ya printa), kutoka tovuti ya mtengenezaji, nikaipanga iendeshwe peke yake, nje ya spula, ili ikifa ife yenyewe. Nikawarudisha watu. Printa mpya ikawasha taa ya njano: inadai karatasi za Letter, saizi ya Marekani, wakati trei imejaa A4. Hilo nilirekebisha nimesimama.

Karatasi za mzee zikatoka, zikafuatwa na nakala nyingine za karatasi zilezile, kwa sababu alikuwa anabofya bila kupumzika tangu nilipofungua mlango. Akachukua moja, akampa dereva, akaondoka.

Jua linazama ndipo nilipobadilisha nywila na kumwandikia bosi kwamba kuanzia sasa kifaa chochote kipya kinapita kwangu kwanza.

Akajibu: "Sawa kabisa. Kesho asubuhi yule fundi analeta skana."