Dakika 53 ambazo logibuku haizioni

Nimekaa wiki tatu nawaza kama niandike hili au ninyamaze, maana mi ni dereva wa gari la wagonjwa na sisi hatujazoea kuandika, tumezoea kuitwa. Ila kuna usiku mmoja umenikaa kichwani haunitoki, na kila nikipita kwenye ubao pale kituoni nikaiona rosta imebandikwa, nasikia kitu kinanipanda kifuani. Basi leo niko ofu, naandika.

Huku kwetu, wilaya mojawapo ya mkoa wa Tabora, jina la kituo naliacha, tuna magari mawili ya dharura. La kwanza ni ambulensi yenyewe, Land Cruiser yenye kitanda, mtungi wa oksijeni na kiti cha muuguzi. La pili tunaliita la kutangulia. Ni gari dogo la kawaida, halina kitanda, kazi yake ni kumbeba mkunga na boksi lake tu, yani dripu, oksitosini ya kuzuia damu kwenye kikasha cha barafu, magnesiamu kwa ajili ya kifafa cha mimba, na ambu ya kumpumulisha mtoto aliyezaliwa amechoka. Wanawahi zahanati au wanakutana na mgonjwa njiani, ambulensi inafuata nyuma. Mtu asiyejua atauliza gari bila kitanda la nini, lakini mama anayemwaga damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na kitanda hakizuii damu, kinachozuia damu ni mikono ya mkunga na ile sindano. Halafu ambulensi yetu muda mwingi haipo, iko njiani inapeleka rufaa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, au inarudi.

Sasa nieleze rosta, na naomba mnivumilie na hesabu kidogo.

Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, kwahiyo gari moja tu ukitaka liwe na dereva usiku na mchana unahitaji karibu watu wanne, na hapo hakuna aliyeumwa wala aliyeenda likizo yake ya siku 28. Sisi tulikua watano. Watano mara 45 ni saa 225. Toa 168 za ambulensi zinabaki 57, na hizo 57 ndo zilikua za gari la kutangulia, zamu moja ya saa nane kila siku, kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 6 usiku. Mzee aliyepanga ile rosta ya zamani hakusoma sana ila alikua dereva miaka mingi, alijua simu zinaingia saa ngapi. Kwa nilivyoona mimi, mchana watu wako shambani, mama anaanza kuumwa anasubiriwa mume arudi, mume akirudi wanajadiliana, wanatafuta hela, wanatafuta usafiri, jua linazama ndo wanafika zahanati, na zahanati ikishindwa ndo simu inakuja kwetu. Kwahiyo jioni ndo kwenyewe.

Halafu mwenzetu mmoja akastaafu, mwingine akahamishwa, hakuja wa kuziba. Tukabaki watatu. Watatu ni saa 135, hata ambulensi peke yake haijatimia, pengo la saa 33 kila wiki. Ndo ikaja rosta mpya. Zamu tatu za saa nane zikafutwa, zikawekwa mbili za saa 12, kuanzia saa 1 mpaka saa 1, na kila mmoja wetu sasa anakaa kazini wastani wa saa 56 kwa wiki. Kwenye karatasi inapendeza, kila kiboksi kina jina. Gari la kutangulia halina kiboksi. Halikufutwa, hakuna aliyesema lisitoke tena, ila hakuna jina mbele yake, kwahiyo limepaki chini ya mwembe na funguo iko ofisini kwenye droo.

Simlaumu aliyepanga. Alipewa majina matatu akaambiwa ajaze wiki nzima, mimi mwenyewe ningepewa ile kalamu sijui ningefanyaje. Ila kuna kitu kimoja hakukiona, na nadhani hakukiona kwasababu hajawahi kukaa kwenye usukani saa 1 jioni. Zamani madereva tulibadilishana saa 10 jioni na saa 6 usiku, manesi wao na taimu zao. Sasa hivi dereva anabadilishana saa 1 jioni, muuguzi wa wodi ya wazazi naye anakabidhi muda huohuo, mlinzi naye, yani kituo kizima kinabadilisha damu kwa wakati mmoja, na ndo saa ileile simu zinapoingia.

Usiku wenyewe ni huu.

Simu iliingia saa 12:41 jioni, kutoka zahanati iliyo kilometa 38 kutoka kwetu. Mama amejifungua saa 11, mtoto mzima, kondo la nyuma limetoka nusu, damu haikati. Mratibu wa 115, ile namba ya dharura ya akina mama, alikua ameshatafuta dereva wa jamii wa kijiji kile, na yule alikua ameondoka na mgonjwa mwingine. Hapa niseme, huu mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura umetusaidia sana, mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, unapiga 115 bure, usiku wowote, na toka uzinduliwe kitaifa Aprili 2022 nimeona kwa macho yangu watu wanafika hospitali ambao zamani wangefia kwenye baiskeli. Lakini mratibu anaita gari, hawezi kulizaa.

Mimi nilikua kituoni tangu saa 12:30, zamu yangu ni saa 1. Ambulensi ilikua na mwenzangu wa mchana, anarudi kutoka mjini, yuko mbali bado. Mkunga yupo, boksi lipo. Nikasema tutoke na gari dogo. Funguo, droo. Droo, ofisi. Ofisi imefungwa, mwenye ufunguo wa ofisi ameshaenda kwake, simu yake inaita haipokelewi, na hata angepokea angeniuliza swali la haki kabisa, nani amekupangia hilo gari. Nilisimama pale chini ya mwembe na mkunga amekumbatia boksi lake, tunalitazama gari. Mafuta yamo, nililijaza mwenyewe mwezi uliopita.

Mwenzangu akaingia saa 1:22, amechoka, alikua barabarani toka saa 7 mchana. Tukafuta damu ya mgonjwa wa kwanza kitandani, tukabadilisha mtungi, tukatoka saa 1:34. Hesabu mwenyewe kutoka 12:41. Dakika 53, na gurudumu halijazunguka hata mara moja.

Njia ya kule mvua ikinyesha ni tope la mbuga, lile jeusi linalonata kama lami, spidi unaijua wewe na Mungu wako. Tulifika saa 2:24.

Sista alikua peke yake. Dada mdogo tu, nadhani hajafika miaka 30. Alikua amekandamiza kizazi cha yule mama kwa mikono yake miwili, ngumi moja ndani na mkono mwingine juu ya tumbo, na alikua kwenye hali hiyo zaidi ya saa nzima, hajaachia, bibi wa mgonjwa akawa anamfuta jasho usoni kwa ncha ya kanga. Tochi ya simu imeegeshwa kwenye kopo la pamba. Mkunga wetu akampokea, akaweka dripu mbili, sindano, mambo yakaanza kwenda. Mi nikampa yule sista fomu ya rufaa asaini ili tuondoke. Akaishika kalamu ikadondoka. Akaiokota, ikadondoka tena. Vidole vyake vilikua vimeganda, havikunjuki. Akaniambia, "Kaka, nishikie mkono niandike." Nikamshikia mkono tukaandika jina lake pamoja kama mtu anayemfundisha mtoto wa chekechea.

Yule mama alipona. Aliongezewa damu, akarudi kwao na mtoto wake. Namshukuru Mungu na namshukuru yule sista, na sitaki mtu aniambie kwamba kwakuwa alipona basi mfumo unafanya kazi. Tungetoka na gari dogo saa 12:46 tungefika saa 1:36. Ni dakika 48 ambazo yule binti alizibeba kwenye vidole vyake.

Kilichonifanya niandike hasa ni kilichotokea asubuhi yake. Nilijaza logibuku ya gari kama kawaida. Logibuku ina safu ya tarehe, ya safari, saa ya kutoka, saa ya kurudi, kilometa, lita za mafuta, sahihi. Nikaandika kutoka saa 1:34 usiku, na kwenye safari nikaeleza tumefika 2:24. Nikaitazama. Ukiisoma ile karatasi unaona safari nzuri kabisa, kilometa 38 za tope kwa dakika 50, dereva hodari. Zile 53 hazipo popote. Logibuku haina safu ya saa simu ilipoingia. Kwahiyo aliyepanga rosta akikaa na logibuku za mwaka mzima mbele yake ataona kilometa zimepungua, mafuta yamepungua, gari dogo halijala hata lita moja, atasema rosta mpya imeokoa hela, na hatakua muongo.

Nina mtoto wa shangazi yangu yuko Uingereza, anafanya kazi kwenye ambulensi za kule. Nilimsimulia, akakaa kimya kidogo kisha akaniambia kaka, na sisi tumepita humohumo. Kule nao wana gari dogo la kuwahi, paramediki mmoja ndani, yani mtaalamu wa huduma ya dharura, na oksijeni, dawa na mashine ya kushtua moyo, bila kitanda. Zamani kwa wagonjwa mahututi walipimwa kwa dakika 8, asilimia 75 ya simu hizo lazima mtu awe amefika ndani ya dakika hizo, na yeyote akifika saa inasimama, hata kama ni huyo mmoja na kigari chake na mgonjwa anahitaji kubebwa. Kwahiyo rosta zikajaa vigari, maana ndo vilikua vinasimamisha saa, na mgonjwa anaweza kukaa na paramediki sebuleni muda mrefu wakisubiri kitanda. Mwaka 2017 England wakabadilisha vipimo. Wale wa hatari kabisa, moyo uliosimama na kadhalika, wastani uwe dakika 7. Kundi linalofuata, kama kiharusi na maumivu ya kifua, wastani dakika 18, na kama mgonjwa ni wa kubebwa saa inasimama gari la kumbeba likifika. Basi rosta nazo zikageuka, vigari vikapunguzwa sehemu nyingi, watu wakarudishwa wawili wawili kwenye magari makubwa. Akaniambia kuna jambo moja hawajamaliza kubishana mpaka leo, kwamba ukipunguza vigari sana, moyo unaposimama kijijini anayefika kwanza anachelewa, na moyo ukisimama kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila kushtuliwa inakata nafasi ya kupona kwa karibu asilimia 10.

Nikamuuliza, kwenu saa inaanza lini? Akasema inaanza kwenye simu. Kwao wanabishana saa isimame wapi, sisi huku hatujaianzisha.

Kwahiyo nimenunua daftari langu mwenyewe, lile la jalada gumu, safu ya kwanza saa simu ilipoingia, ya pili dakika kabla gari halijatoka, ya tatu kufika, ya nne kukabidhi. Siku zingine safu ya pili inasoma dakika 4, dakika 6, na hizo ni siku simu imeingia saa 4 asubuhi. Zile ndefu karibu zote zinaangukia kati ya saa 12 na saa 2, jioni au asubuhi. Na kuna kitu kingine nimeandika pembeni ambacho siyo cha saa. Alfajiri moja narudi kutoka Kitete baada ya saa 11 kazini nilifumba macho kwenye usukani, sijui kwa sekunde ngapi, nikashtuliwa na gurudumu la kushoto kushuka kwenye changarawe. Nilisimama nikanawa uso kwa maji ya chupa na nikakaa pale mpaka moyo ukatulia. Nyuma hakukua na mgonjwa. Ningekua naye je?

Ninachoomba siyo magari mapya. Madereva tubadilishane saa 3 asubuhi na saa 3 usiku, mbali na manesi, hiyo haina gharama hata shilingi moja. Funguo ya gari dogo ikae wodi ya wazazi kwa muuguzi wa zamu, na aliyeko zamu aruhusiwe kulitoa bila kutafuta sahihi. Na tupate hata dereva mmoja wa kuazima, saa 10 jioni mpaka saa 6 usiku, wakati tunasubiri ajira. Halafu ile safu kwenye logibuku, hata ichorwe kwa rula.

Alhamisi kuna kikao. Nimepiga fotokopi kurasa 11 za daftari, safu ya pili nimeizungushia peni nyekundu. Yule sista wa zahanati nilimwambia juu ya hicho kikao, akasema anakuja, atapanda basi la saa 11 alfajiri.