Nilivyoweza kutenganisha "hit" na "strike"

Kazi yangu ni kutafsiri habari za Kiingereza kwa ajili ya redio, na maneno mafupi kama hit na strike ndiyo yaliyonitoa jasho kuliko marefu. Kamusi ndogo husema yote mawili ni kupiga. Ni kweli, lakini haitoshi pale taarifa za siku moja zinapoleta strike ya walimu, strike ya ndege za kivita na strike ya radi. Tena Waingereza wana "lightning strike" ya wafanyakazi: hapo hakuna mvua wala radi, ni mgomo wa ghafla.

Niliacha kukariri maana moja moja, nikafuatilia asili. Hit liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambao kwao hitta ilikuwa kukuta au kufikia. Hadi leo Mswidi akisema hitta anazungumzia kupata kitu. Ndiyo maana hit hutazama kule kitu kilikofika: mshale umepata shabaha, gari limemgonga mtu, kimbunga kimeikumba pwani, bei imefikia rekodi.

Strike ni la Kiingereza cha kale chenyewe, ndugu wa stroke, na mwanzoni lilihusu kupitisha kitu juu ya kingine. Hili hutazama mwendo wa mkono: kuwasha kiberiti, kukata jina kwenye orodha, kushusha tanga. Na mgomo ulitokea humo humo kwenye matanga. Mwaka 1768 mabaharia wa London walishusha matanga ya meli za biashara ili zisiondoke bandarini, na neno hilo likabaki kwa kila mfanyakazi anayegoma. Historia hii naipenda sana. Tangu niijue, strike ya mgomo haijanipa shida tena.

Besiboli ya Wamarekani ndiyo iliyonithibitishia. Mchezaji akizungusha gongo akaukosa mpira, anahesabiwa strike. Akiupiga vizuri akafika salama kituo cha kwanza, hiyo ni hit. Strike tatu, anatoka.

Zipo zinazokataa kanuni hii. "Strike a deal", yaani kufikia makubaliano, ilibidi niikariri ilivyo. "It struck me" huwa naandika "nikang'amua" au "likanijia wazo", kutegemea anayesema.

Siku hizi naisoma sentensi nzima kabla ya kugusa kitenzi, nikijiuliza mwandishi anaonyesha mwendo au mahali pa kufikia. Kisha natafuta kitenzi chetu kinachofaa: kugonga, kukumba, kushambulia, kugoma, kuvuma. Kupiga nakiweka mwisho, kwa sababu kwetu kina shughuli zake, pasi, kura, deki, simu, ambazo Mwingereza hazifanyi kwa hit wala strike. Kichwa cha habari kinachosema "Airport hit by strike" sasa kinapita bila kunisimamisha: uwanja wa ndege wakumbwa na mgomo.