Nilivyoonyesha filamu za mazingira Mkunguni, na ushauri nilioutupa

Nilipotaka kuonyesha filamu usiku Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji wa Lamu, mtu wa kwanza kumwomba ushauri alikuwa mtaalamu wa maonyesho kutoka bara. Alinijibu haraka: fanya Jumamosi, anza saa kumi na mbili jioni, bandika mabango mji mzima, na kitambaa cha kuonyeshea kitoboe matundu ili upepo upite. Nikamshukuru. Katika hayo manne, hakuna hata moja lililofaa Lamu.

Saa kumi na mbili huku jua bado liko, na likizama tu adhana ya Magharibi hiyo, kisha watu wana Isha. Hilo mtoto wa mtaa wa Langoni analijua. Jambo lenyewe lilikuwa mwezi. Mwezi mpevu ukimulika Mkunguni, picha inapauka kabisa. Vijana wakasema basi tuchague mwezi mwandamo, giza tupu. Vizuri, ila mwandamo nao ni bamvua, siku za kujaa na kupwa kukubwa: maji hujaa alasiri, na kufika saa nne usiku yamekupwa. Nami nilitaka watu wa kijiji cha Matondoni waje kwa mashua, maana filamu moja ilikuwa ya mikoko na wao ndio wenye kuunda vyombo. Wangerudi vipi? Wangelala topeni.

Hapa nilistahili vigelegele, na kwa kuwa hakuna aliyenipigia, najipigia mwenyewe. Nilichagua mwezi ishirini hivi, kwa hesabu ya mwandamo. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza hadi kama saa nne, kwa hiyo mwanzo wa usiku ni giza, na maji nayo hujaa karibu na Isha. Mashua zinakuja na maji, zinaondoka kabla hayajatoka. Ikaangukia Jumanne. Mtaalamu wangu alipoambiwa, alicheka.

Kitambaa chake tulikijaribu alasiri, kwa heshima tu. Kusi ilikuwa imeshika. Shuka likavimba, matundu yakaanza kupiga mluzi, kila tundu likachanika likawa mdomo, kisha kamba ya upande mmoja ikakatika na shuka zima likamwangukia punda aliyekuwa akipita na mawe ya kujengea. Punda hakungoja maelezo. Alikata njia ya pwani na shuka lake kichwani, mawe yakidondoka moja moja, mwenye punda nyuma akinitaja mimi na wazazi wangu, watoto wakishangilia. Mpaka leo nikipita na shuka la kufua, wapo wanaoniuliza punda yuko wapi.

Mzee mmoja, nahodha mstaafu, alikuwa barazani akiyatazama yote. "Mwanangu, tanga hushindani nalo. Huligeuza." Nikamwambia, "Ami, basi nifundishe." Akatutolea tanga lake kuukuu la kitambaa cha marekani. Tulilifunga kwenye foromali, ule mti wa kubebea tanga, juu, na boriti ya mkoko chini iliyoning'inizwa mifuko ya mchanga, halafu akaliweka ubavu kwa upepo badala ya kifua. Likatulia kama ukuta. Tatizo lilikuwa kiraka kikubwa cha rangi ya chai pembeni juu, kwa hiyo usiku ule kila aliyezungumza upande wa kulia alionekana ana jeraha kwenye kipaji cha uso.

Mabango sikubandika. Ukitamka "mazingira" mjini kwetu, watu wanauliza posho ni kiasi gani. Nilipita mabarazani nikasema kuna sinema, na ya kwanza ina sura za watu wa Matondoni. Kina mama tuliwatandikia mikeka upande wao na njia yao ya kuingilia. Bila hivyo usiwatarajie. Pesa iliyotoka haikufika elfu ishirini, nyingi ikiwa mafuta ya mashua, kahawa na kaimati. Kahawa ilinywewa kwenye vikombe vya kauri. Nimechoka na mikutano ya kupinga plastiki ambapo kila mtu amepewa chupa ya maji ya plastiki, tena katika mji uliounda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019.

Lugha ndiyo iliyonisumbua. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, na yale maandishi ya chini hukimbia kabla bibi hajatafuta miwani. Nikamchukua kijana anayetangaza mechi za mpira kisiwani, nikampa kipaza sauti. Alizitangaza kama fainali. Barafu ya Greenland ikimeguka, anapaza: "Ameteleza beki, mai yuwaya kwetu!" yaani maji yanakuja kwetu. Kwa aibu nilikuwa tayari kumnyang'anya kipaza, lakini watu walikuwa kimya wanasikiliza. Ilipokuja filamu ya matuta ya mchanga yanayochimbwa nchi nyingine, aliacha mzaha, akasema visima vya mji huu vinategemea matuta ya Shela, na kwamba anayejenga juu ya matuta anajenga juu ya maji yetu. Hayo hayakuwamo kwenye filamu.

Ya mikoko ilizua vita. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na marufuku ya kukata iliyowekwa 2018 bado ilikuwa ikiwauma watu. Fundi mmoja akasimama mbele ya taa ya projekta, kivuli chake kikaifunika picha nzima, akauliza: aliyepiga filamu hii amewahi kulala njaa na msumeno ukutani? Sikumkatiza. Akajibiwa na mvuvi, kwamba samaki wadogo hukulia kwenye mizizi ile ile. Kutoka hapo wakarukia bandari mpya ya Lamu kule Kililana na zile shilingi bilioni 1.76 ambazo mahakama kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 wavuvi walipwe fidia kwa ajili ya bandari hiyo: nani aliorodheshwa, nani aliachwa. Zilikuwa zimebaki filamu mbili. Hazikuonyeshwa, na wala sikuzililia.

Aliyevunja kikao ni mwenye mashua, akipiga kelele kutoka gatini, "Mai yatoka! Wa Matondoni!" Fundi na mvuvi walipanda chombo kimoja, bado wanabishana.