Siku moja na eskaveta iliyolalamikia oili

Saa 10:30 alfajiri. Kibaha bado giza. Mkoba niliufunga jana usiku: multimita, skena ya kusomea kompyuta ya injini, geji ya presha ya oili na hosi yake, sindano nyembamba za kupimia nyuma ya plagi, koleo la kubania vichwa vya waya, na mchoro wa umeme wa injini uliochapishwa kwenye karatasi kubwa. Juzi mwenye mtambo alinipigia: "Dada fundi, kijiko kinakosa nguvu, taa ya oili inawaka. Nimebadilisha sensa mbili. Sasa naambiwa ni kompyuta ya injini." Kompyuta ya injini ni pesa nyingi mno. Nikamwomba asinunue chochote mpaka nifike.

Saa 2 kasorobo asubuhi. Machimbo ya kokoto, Lugoba. Vumbi limeshaanza. Mtambo ni wa tani 20, umefungwa nyundo ya kuvunjia mawe. Opareta ni mtu mzima, ndevu zimejaa mvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?"

Sichomeki skena kabla ya kuzungumza na opareta. Yeye ndiye anayelala na kuamka na mtambo ule. Nilimuuliza ilianza lini, ikiwa baridi au moto, na wakati huo alikuwa akifanya nini. Alijibu taratibu: asubuhi inakubali vizuri. Ikishapata moto, akikandamiza nyundo kwenye jiwe gumu, kengele inalia na nguvu inakatika. Akiachia, mara nyingine inarudi yenyewe.

Kisha akasogea karibu. "Bosi anasema niliendesha bila oili. Mimi kijiti cha oili nakagua kila siku kabla ya kuwasha. Mshahara wa mwezi uliopita amenikata."

Saa 2:30. Nilifungua swichi bila kuwasha injini, nikasoma kodi za hitilafu zilizoandikwa kwenye kompyuta ya injini. Katika J1939, mfumo wa mawasiliano wa kompyuta za mitambo mizito, kila kodi ina namba mbili: SPN inataja kinacholalamikiwa, FMI inasema tatizo ni la namna gani. Nilikuta tatu. SPN 100, presha ya oili. SPN 102, presha ya hewa ambayo tabo (turbo) inaisukumia injini. SPN 3509, volti 5 zinazolisha sensa. Zote tatu zina FMI 4.

Hapo nilisimama. FMI 4 maana yake volti ziko chini ya kawaida au waya umepiga shoti. Oili ikipungua presha kweli kweli, injini huandika FMI 1, na kwenye kumbukumbu ya mtambo huu FMI 1 haikuwemo hata mara moja. Kilichokuwa kikishuka ni umeme. Na sensa mbili zisizohusiana kwa kazi, zikianguka pamoja na volti zinazozilisha, huwa zinakula chungu kimoja. Sensa ya joto la maji haikulalamika, kwani ile ya nyaya mbili haitegemei waya huo wa volti 5.

Saa 3. Hata hivyo, taa ya oili haipuuzwi kwa kusoma namba tu. Nilifungua tundu la kupimia kwenye bloku, nikafunga geji ya mshale, tukawasha. Ikinguruma bila mzigo ilisoma karibu bar 2. Tulipopandisha mwendo ikafika 4 na kutulia. Injini ina oili na pampu yake ni nzima. Nilimwita mzee aje autazame mshale kwa macho yake. Hakusema neno, alitikisa kichwa tu.

Betri zilikuwa volti 25 injini ikiwa imezimwa, karibu 28 ikiwa inachaji. Arthi ya injini nayo safi.

Saa 4. Nilichomoa plagi ya sensa ya oili na kupima waya wa kulishia. Volti 4.98. Kila kitu kizuri! Ndipo mafundi wengi wanapofunga mkoba na kusema "sensa imekufa", au "kompyuta". Lakini mzee alishaniambia: ikiwa moto, na ikiwa na mzigo. Kupima mtambo uliopoa na kusimama ni kuuliza swali ambalo halikuulizwa.

Nikaingiza sindano nyuma ya plagi, nikavuta nyaya ndefu za multimita hadi kwenye kabini, mbali na feni, nikaweka multimita ishike kipimo cha chini kabisa. Mzee akapanda, akaanza kuvunja. Dakika 40 hivi za jua na kelele. Kengele ikalia. Kipimo cha chini: volti 0.3.

Saa 5:30. Nilichomoa sensa zote mbili, tukarudia. Injini ilikuwa dhaifu lakini ilifanya kazi, kwa sababu sensa ya presha ya dizeli kwenye reli, bomba linalogawia nozeli dizeli, inalishwa na waya mwingine. Volti zikaanguka tena. Hakuna sensa hata moja kwenye mstari, na bado shoti ipo. Basi sensa zimeachiwa huru, na sasa ni waya.

Injini imekalia raba. Mzigo ukiwa mkubwa inainama kidogo, na fungu la nyaya linainama nayo. Nikaufuata mchoro kwa kidole, kisha fungu lenyewe kwa tochi na kioo kidogo, nikitafuta mahali nyaya zinapogusa chuma. Nyuma ya injini, upande wa tabo, klempu moja ilikuwa imepoteza mpira wake. Waya wa volti 5 ulikuwa umesuguliwa na breketi hadi shaba, kidonda kama punje ya choroko. Ukiwa baridi haugusi. Injini ikiinama, unagusa.

Karibu na hapo nilikuta matundu ya mtu aliyechoma nyaya kwa ncha ya taa ya kupimia. Hilo linaniuma kila nikiliona. Maji huingia kwenye tundu lile, shaba inageuka kijani, na baada ya miezi mtu mwingine analipa.

Saa 7 mchana. Wali na maharage kwa mama ntilie wa machimboni.

Saa 8. Nilikata sehemu mbovu, nikaunga kwa kichwa cha kubana, nikafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Matundu yale nayo niliyaziba vivyo hivyo. Klempu mpya haikuwepo, hivyo nilipasua kipande cha hosi kuukuu kiwe mto kati ya nyaya na breketi, nikafunga kwa zipu tai. Sensa mbili za zamani, zilizotolewa kama mizoga, mzee alikuwa amezihifadhi kwenye sanduku la spana. Nilizichomeka moja moja bila presha: ya oili ilitoa volti 0.5, jinsi inavyopaswa, na ya tabo ikasoma hewa ya kawaida. Zote nzima.

Saa 9 alasiri. Mzee alivunja mawe saa nzima. Kipimo cha chini: volti 4.96.

Saa 10. Nilimpigia mwenye mtambo. Nilimweleza waya, kisha nikamweleza FMI 1 na FMI 4 polepole, mara mbili, mpaka akaelewa kwamba kompyuta ya mtambo wake inatoa ushahidi kwamba oili haikuwahi kupungua presha. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Hebu mpe simu mzee." Nikampa, nikaenda kukusanya spana zangu upande wa pili wa mtambo.

Saa 3 usiku. Nyumbani. Nimefungua mchoro mezani na kutia nukta nyekundu kwenye ile klempu ya nyuma, upande wa tabo. Pana nukta nyingine mbili hapo hapo, za mitambo miwili ya aina hiyo hiyo niliyoitengeneza zamani.