Reli ya Tabora na upumuaji wa kimelea cha malale

Kwa miaka kadhaa nilifundisha upumuaji wa seli kwa Kidato cha Sita hapa Tabora kwa kuchora ubaoni changamano nne za protini zilizo kwenye utando wa ndani wa mitokondria, yaani mitambo ya nishati ya seli, ambazo hupokezana elektroni hadi kwa oksijeni. Wanafunzi walikariri, nami nikajiona bingwa. Ubingwa huo uliisha siku binti mmoja kutoka Urambo aliponyoosha mkono: "Mwalimu, umesema sianidi huua kwa kuziba changamano ya nne. Mbona kimelea cha malale kilicho kwenye damu huendelea kupumua hata kikiwekewa sianidi?"

Mwalimu mwenzangu alinishauri nimjibu kwamba kimelea hicho hakina mitokondria. Sijapata kupewa ushauri mbovu kama huo, kwani tripanosoma, ndicho kimelea chenyewe, inayo, tena moja tu, iliyoenea mwili mzima.

Nikajaribu ndoo. Nilinunua nne za plastiki, kama Sh 12,000 hivi, nikazitoboa kwa msumari wa moto na kuzipanga kwenye ngazi za maabara ili maji, yaani elektroni, yateremke kutoka ndoo hadi ndoo. Yaliteremka kweli, yakaingia hadi stoo ya vitabu, na mama wa usafi akanisemesha mbele ya darasa zima. Isitoshe, ndoo zilizofuatana hazikuonyesha njia ya mkato, na mkato ndio uliokuwa jibu lenyewe.

Jibu nililipata stesheni, nikimpokea mgeni. Reli kutoka Dar es Salaam hugawanyika hapa Tabora: moja huenda Mwanza, nyingine Kigoma. Basi Tabora ikawa ubikwinoni, molekuli inayopokea elektroni na kuzipitisha mbele, na elektroni zikawa abiria. Wa Mwanza hupita Isaka, changamano ya tatu, kisha Shinyanga, changamano ya nne, na kila kituo huwatoza nauli ambayo ndiyo nguvu ya kusukuma protoni, yaani ioni za hidrojeni, nje ya utando huo wa ndani. Wa Kigoma hubebwa na kimeng'enya kimoja tu, oksidesi mbadala, ambacho hakisukumi protoni hata moja na ambacho binadamu hatuna. Nilichofurahia zaidi ni kwamba reli zote mbili huishia ziwani, kama ambavyo njia zote mbili humalizikia kwa oksijeni kugeuzwa maji.

Ndani ya damu, njia ya Mwanza imefungwa, wala sianidi haina cha kuziba. Sukari ni tele, hivyo kimelea hujipatia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa kuivunja glukosi nje ya mitokondria. Kikiingia tumboni mwa mbung'o, ambako hutegemea zaidi asidi amino iitwayo prolini, njia ya Mwanza hufunguliwa. Binti wa Urambo hakuridhika: nani basi husukuma protoni kimelea kikiwa kwenye damu? Ni changamano ya tano, iliyo nje ya zile nne za kupokezana elektroni, nikamweleza, ambayo huendeshwa kinyumenyume na kuila ATP badala ya kuitengeneza.

Aliyenishinda ni kijana wa Uvinza, aliyeshikilia kwamba treni ya Kigoma husimama Urambo, Kaliua na kwao pia. Nilifuta stesheni zote za njia hiyo ubaoni, naye akakaa akinung'unika.