Mshike Hivyo Hivyo

Nilikuwa muuguzi mgeni kwenye wodi ya watoto usiku ule alipoletwa mtoto wa miezi minne aliyeshikwa na degedege. Homa kali, hataki kunyonya, utosi umetuna. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari wa zamu alimpapasa utosi, akasema tuchukue maji ya mgongo kwa sindano, tuone kama ni homa ya uti wa mgongo.

Bibi yake akasimama. "Hapana, mwanangu. Mtoto wa jirani alichomwa mgongo, kesho yake tukazika."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi tangu hapo, wala siwalaumu wanaoyasema. Wanaochomwa huwa tayari wako hoi. Wakifariki, lawama inaangukia sindano.

Daktari hakubishana naye. Alimgeuza mtoto, akamwambia, "Bibi, lete kidole." Akakipitisha kwenye ncha za mifupa ya nyonga, kushoto na kulia, akamwonyesha kwamba mstari kati yake unakatiza kwenye pingili ya nne ya kiuno. Neva kuu ya mgongo, akasema, kwa mtu mzima inaishia pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, lakini kwa mtoto mchanga hushuka hadi karibu na ya tatu. Kwa hiyo tunachoma chini ya hapo, penye nyuzi zinazoelea majini tu. Bibi alinyamaza. Aliyejibu ni mama mtoto: "Mfanyieni."

Mimi nilipewa kushika. Vitabuni kazi hii ina mstari mmoja, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya kipimo chenyewe. Nilimlaza ubavu ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja nyuma ya mabega, mwingine nyuma ya mapaja, magoti yakaja tumboni. "Shingo usiikunje, sista, atakosa pumzi," daktari akasema. Basi macho yangu yakawa midomoni na kifuani kwake muda wote. Mwenzangu alimdondoshea maji ya sukari ulimini ili kupunguza maumivu. Ganzi ikaingia, mtoto akajinyonga kwa nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mgonjwa kama yule.

"Mshike hivyo hivyo."

Sindano hiyo ina waya ndani yake, ili isibebe kipande cha ngozi kikaja kuota uvimbe huko ndani miaka ya baadaye. Ikagonga mfupa. Daktari akairudisha kidogo, akaielekeza upande wa kitovu, akasukuma taratibu, akachomoa waya. Maji yalipaswa kuwa maangavu. Yalitoka na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

Hatukuyavuta, yanaachwa yadondoke yenyewe kwenye vichupa. Waya ukarudishwa ndipo sindano ikatolewa. Damu ya kupima sukari ilishachukuliwa, ili ilinganishwe na sukari ya maji yale. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, tukampa palepale, bila kungoja majibu. Vichupa navyo havilazwi wodini, maana chembe hai zilizomo, zinazohesabiwa maabara, huharibika upesi. Nilivikimbiza maabara, bibi akinifuata nyuma kuhakikisha nimefika.

Mtoto alipona. Alipoletwa kliniki baadaye kupimwa masikio, kwani homa ya uti wa mgongo huweza kuacha uziwi, bibi alikuwa ameshampima nyumbani kwa kugonga sufuria nyuma yake.

"Anageuka," aliniambia, "tena anakasirika."